Somo la Kompyuta Lisilo na Sauti

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Chuo alinikuta nimesimama nje ya chumba cha kompyuta, viatu mkononi. Kilikuwa chuo cha ufundi pale Shinyanga mjini, na chumba kile kilikuwa na sharti moja: viatu vibaki mlangoni, maana vumbi la kwetu likishaingia kwenye mashine halitoki. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga chapa wa taipureta katika chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Kompyuta nilijifunza kwa kozi fupi tu. Kuitumia nilijua, kufundisha sikujua.

Nilianza na sehemu za mashine, kama nilivyofundishwa mwenyewe. Hii ni skrini, kioo kinachoonyesha kazi yako. Hii ni kibodi, yenye herufi. Hiki ni kipanya. Ukikisogeza mezani, kishale nacho kinatembea kwenye skrini. Mzee mmoja mkulima aliweka mikono mapajani na hakugusa chochote.

"Mzee wangu, karibu ujaribu," nikamwambia.

"Mwalimu, nikibonyeza pasipo pake si nitaiua mali ya serikali?"

Darasa likacheka. Mkuu wa Chuo, aliyekuwa mlangoni, akaingia pekupeku, akaketi karibu na yule mzee na kuanza kubonyeza herufi ovyo ovyo hadi skrini ikajaa.

"Umeona, mzee? Haijafa. Haya, zamu yako."

Tulipotoka nje akaniambia, "Mwalimu, mashine ikiharibika fundi yupo. Mtu akiaibika humo ndani, nani atamtengeneza?"

Baadaye nilihamishiwa Tinde. Tulikuwa na mashine chache na umeme wa kubahatisha. Nilikuwa nahimiza kila mara watu wahifadhi kazi, yaani waiambie kompyuta iitunze kabla hawajaendelea, na kila mara walisahau. Umeme ukikatika, barua ya nusu saa inapotea na mwenyewe anabaki ameshika kichwa. Nililalamika kwa Mratibu wa Mafunzo alipokuja kukagua.

"Acha kulalamika," akasema. "Huo umeme ndio mwalimu wako msaidizi."

Ni kweli, watu wa Tinde walijua kuhifadhi kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwa nao. Huko ndiko nilikofundisha intaneti kwa mara ya kwanza, kwa modemu, kidude cha kuchomeka chenye laini ya simu ndani yake. Kusubiri ukurasa mmoja ufunguke kuliwatosha watu kusalimiana na kuulizana habari za mifugo.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Bugarama, na huko ndiko nilikokutana na Masanja.

Aliletwa na mkewe. Mama huyo kijana alikuwa akiuza mchele sokoni, na watu walimwita Mama Nkwimba kwa jina la binti yao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibuni."

"Nimekuletea Baba Nkwimba. Alikuwa mchimbaji. Baruti ililipuka kabla hawajatoka vizuri kwenye duara." Duara ndilo shimo la wachimbaji wadogo. "Mwili umepona. Masikio hayakurudi."

"Anaongea?"

"Ameacha. Alikuwa akiongea anapaza sauti, maana hajisikii mwenyewe, basi watu wakawa wanamcheka. Sasa anashinda ndani anatazama ukuta. Darasa la saba alimaliza, kusoma anajua. Mfundishe chochote, mwalimu. Asikae tu."

Mkuu wa Kituo hakuafiki. "Hatuna mtaalamu wa lugha ya alama," alisema. "Utamfundishaje mtu asiyekusikia, na darasa limejaa hivi?"

"Nipe mwezi mmoja, mkuu."

"Mwezi mmoja. Akiwachelewesha wenzake, namtoa."

Miaka yote nilikuwa nimefundisha kwa mdomo. Nilikuwa nikisimama nyuma ya mwanafunzi na kumwambia, bofya mara mbili, shuka chini, rudi. Kwa Masanja mdomo wangu haukuwa na kazi. Nikimwonyesha kwa kidole, alitazama kidole. Mara mbili aliinuka kuondoka, na mara mbili mkewe alimrudisha.

Asubuhi moja, nikiwa nimeishiwa mbinu, nilifungua ukurasa mtupu nikaandika: "Baba Nkwimba, umeamkaje?" Kisha nikamsogezea kibodi.

Aliisoma ile sentensi. Akaanza kutafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja. Yakatokea maneno yaliyoshikana: "nzurimwalimu".

Nikaandika: "Kile kitufe kirefu cha chini kinatenganisha maneno."

Akajaribu. "nzuri mwalimu wewe je"

Tuliongea hivyo hadi kipindi kikaisha. Nilimfundisha herufi kubwa, nukta, kufuta alipokosea, yote kwa maandishi, na kila nilichomwandikia alikijaribu papo hapo. Siku zilizofuata alianza kuniandikia mambo yake bila kuulizwa. Siku moja aliandika hivi: "Watu wananionyesha chakula kwa kidole. Wananionyesha mlango kwa kidole. Tangu niumie hakuna anayeniuliza kitu."

Mkewe alipokuja kumchukua, nilimwita aone. Akainamia skrini, kisha akanigeukia.

"Anasema nini, mwalimu?"

Hapo nikaelewa kwamba hajui kusoma. Nilimsomea taratibu. Alivuta kiti akaketi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Na mimi niandikishe," akasema.

"Unataka kujifunza kompyuta?"

"Nataka kumjibu."

Nikaanza naye a, e, i, o, u kwenye kibodi ileile. Mumewe akawa mwalimu wake kuliko mimi. Alimshika kidole na kukipeleka kwenye herufi. Mwezi ulipotimia, Mkuu wa Kituo aliingia akawakuta wamekaa kwenye mashine moja, wanasogezeana kibodi. Mama Nkwimba alikuwa amehangaika kuandika: "leo utakula nini".

Masanja alisoma. Kisha akafungua mdomo na kusema kwa sauti iliyotikisa chumba: "Ugali na nsansa!"

Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao, kwa nguvu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Nsansa ni majani ya kunde yaliyokaushwa, mboga ya nyumbani kwa kila Msukuma, na nadhani hakuna mle ndani ambaye hakuionja mdomoni wakati ule.  Mkuu wa Kituo alipokuwa akitoka akaniambia, "Waachie ile mashine ya dirishani."

Baadaye wawili hao walifungua kibanda cha kuchapa na kujazia watu maombi ya mtandaoni. Mama Nkwimba anapokea wateja na kuandika shida zao kwenye skrini. Masanja anafanya kazi. Wateja wengine sasa wanajiandikia wenyewe, na ukipita hapo utasikia anavyowajibu, maana sauti yake haijapungua hata kidogo.

Tangu wakati huo sikuanza tena darasa jipya na majina ya vifaa. Niliwafungulia watu ukurasa mtupu na kuwauliza wameamkaje.

Sasa nimestaafu, naishi Nyahanga. Vijana huniuliza kama kazi yangu haijafutwa na simu za kisasa. Nawaambia waje barazani kwangu waone majirani wanaokuja na simu hizo mkononi, wamesahau neno la siri, hawajui pa kubonyeza. Sichoki nao. Watu wazima wenye familia na heshima zao mitaani waliketi mbele yangu, mwaka baada ya mwaka, wakakubali kusema kwamba hawajui. Kusema hivyo si jambo dogo, nao waliniamini kiasi hicho. Kwa Kisukuma tunasema wabeja sana. Nawashukuru wote.