Siku Waliyomnyamazisha Mama

Kibanda cha video cha Nabuyonga kilinuka jasho, karanga na petroli ya jenereta, na kila Jumamosi alasiri kilijaa sauti ya mama yangu, Hadija. Alikuwa mfasiri wa filamu. Sauti ya picha ikishapunguzwa, alishika kipaza sauti akawasemea wote: mume mlevi, mchumba mwongo, mtoto anayelia. Alifasiri kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi Mbale waliikumbuka kwa viboko vya wanajeshi walioisema. Kwetu ilikuwa lugha ya nyumbani, na wanawake wa sokoni, Waislamu wa mjini na Wakenya wauza mitumba, walikuja kumsikia yeye zaidi kuliko kutazama picha.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili tamasha la filamu la Jinja lilipokuja Mbale. Zilikuwa filamu za Irani, Senegali, Japani na Polandi, za polepole, ambazo unaweza kumenya ndizi mwanzo hadi mwisho na hakuna aliyepigwa risasi. Waandaaji walimwomba mama afasiri moja ya Irani, ya mjane anayekatazwa kumzika mumewe kijijini kwao. Waliiacha kwetu wiki nzima. Mama aliisoma ile tafsiri ya Kiingereza chini ya picha neno kwa neno, akiniuliza maana ya yaliyomshinda, kisha akaenda kulia jikoni. Yeye pia alikuwa mjane.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa, wageni mbele, wanawake wa Nabuyonga nyuma. Mama alianza kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kibandani. Muda si mrefu mgeni mmoja wa heshima, mwalimu wa mambo ya filamu, akasimama.

"Mama, nyamaza tafadhali. Hii ni sanaa, si video ya kibandani. Maandishi yapo pale chini."

"Bwana, hawa hawasomi Kiingereza."

"Basi watazame tu."

Wageni wakacheka. Fundi akazima kipaza sauti. Msichana wa shuleni kwetu akaninong'oneza, "Yule si mama yako?"

"Hapana," nikasema. "Jirani tu."

Mama alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Hakugeuka. Wanawake walitoka mmoja mmoja, yeye akabaki hadi mwisho; alisema hakuweza kumwacha yule mjane peke yake. Hakufasiri tena. Alihamia kijijini Busiu, akalima mahindi.

Leo mimi ni mmoja wa wanaochagua filamu za tamasha hilohilo. Wasomi sasa wanawaita wafasiri wa vibanda hazina, na mwaka huu kamati iliamua kuwatuza. Mtu akamtaja Hadija wa Nabuyonga. Nikajitolea kumpigia simu.

Mama alinisikiliza hadi nikamaliza. "Wanajua mimi ni nani wako?"

"Bado, mama."

"Waambie kwanza," akasema, akakata.

Utotoni nilimwogopa msichana mmoja. Sasa nina nywele za mvi, na ninaogopa meza nzima ya watu waliosoma kama mimi. Kikao kilikuwa jana. Waliponiuliza, nilisema simu yake haipatikani.