Uswisi ya Edmonton

Kila Oktoba, skuli za Landani zikifunga kwa wiki moja na majani makavu yakianza kuziba mifereji ya mtaa wake wa Edmonton, Bi Kijakazi alikuwa akienda kuizuru Ulaya. Kuizuru ni neno lake mwenyewe. Kwa miaka kumi na minne alizuru miji mitano, na ukimwomba picha atakuonesha mazulia. Zulia la Odense, zulia la Rotterdam, zulia la Oslo, na juu ya kila zulia sinia la pilau na jamaa zake wamelizunguka. Mnara wa Paris aliuona mara moja, kupitia kioo cha nyuma cha gari la binamu yake, wakikimbilia chakula cha mchana nyumbani kwa mtu. Mpemba hapiti mji wenye ndugu yake akalala hoteli. Akifanya hivyo ametukana, na tusi la namna hiyo hurithiwa na watoto.

Alizaliwa Wete, akaingia Uingereza mwaka 2001, baada ya ile Januari ya maandamano na risasi ambayo Wapemba wengi hawapendi kuisimulia. Aliyempokea ni mama yake mdogo, Bi Raya, aliyekimbia Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi na kujichimbia Walthamstow, hukohuko Landani, tangu wakati huo. Bi Raya alimpa kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi miezi kumi na moja, na hata siku moja hakulisema jambo hilo mbele ya watu. Kwa ukoo ule, huo ni muujiza. Bi Kijakazi alimwita mama, ile "mdogo" aliidondosha zamani.

Kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza wakilalamika jinsi wageni wanavyoijaza nchi, kisha anawafunika blanketi na kuwatakia usingizi mwema. Mumewe, Hamad, anaendesha basi, na ni mtu wa ratiba hata chooni. Binti yao, Zuwena, ana miaka kumi na sita, anakielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza.

Mwaka 2022 Bi Kijakazi alichoka. Alichoka kuwaogesha watu mwaka mzima kisha akatumia likizo yake kukaa kitako kwenye mazulia akiulizwa kwa nini amenenepa.

"Mwaka huu twenda Uswisi," alimwambia mumewe.

"Tuna nani Uswisi?"

"Hatuna mtu. Ndiyo maana."

Basi akalitangazia kundi la ukoo kwenye simu, kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Akawaomba radhi wa Odense, akawaomba radhi wa Rotterdam, akaeleza kwamba daktari amemshauri hewa ya milimani. Daktari huyo hakuwahi kuzaliwa. Watu wakamjibu kwa dua za safari, za baharini, za angani na za nchi kavu, na wengine kwa kimya, ambacho kwao ni matusi ya heshima. Bi Raya peke yake alijibu kwa furaha. "Nendeni, mwanangu. Mkatutazamie na sie."

Jumamosi wakafika uwanja wa ndege saa tatu kabla ya wakati, kwa sababu ya Hamad na ratiba. Msichana wa kaunta akaifungua pasipoti ya Hamad, akaenda kumwita mwenzake, na mwenzake akaitazama kwa ile huruma ya Kiingereza inayokujulisha kwamba umekwisha. Pasipoti ilikuwa na miezi kadhaa kabla ya kuisha muda wake, lakini ilikuwa imetolewa zaidi ya miaka kumi nyuma, na Ulaya, tangu Waingereza waipe talaka, haipokei pasipoti ya namna hiyo. Hamad, anayeweza kukwambia basi lake litakuwa kituo gani dakika ya ngapi, hakuwahi kuisoma tarehe hiyo.

Mtu mwenye akili timamu angeandika kwenye kundi: jamani, tumerudishwa, nyie chekeni sisi tunalala. Lakini mwaka uliotangulia Zainab wa Odense aliachwa na treni kwa sababu alikaa jukwaa lisilo lake na mabegi sita, na ni Bi Kijakazi huyuhuyu aliyekichukua kisa hicho akakitembeza kwenye harusi tatu na khitma moja, akiongeza chumvi kila alipofika. Ladha ya chumvi ile aliijua yeye kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

"Hatusemi," alisema wakiwa kwenye treni ya kurudi, mtandio umemfika puani. "Tunakaa ndani mpaka Jumapili ijayo. Kisha tunarudi kutoka Uswisi."

Ndivyo Uswisi ilivyohamia Edmonton. Mapazia yakafungwa. Hamad akapigwa marufuku kwenda msikitini, akawa anasali kwenye ujia baina ya jikoni na chooni. Zuwena akatumwa dukani, tena si duka la karibu, bali la Enfield, amejifunika kofia ya koti kama mtu anayetafutwa na polisi. Siku ya pili Bi Kijakazi alitafuta kwenye simu picha ya mlima wenye theluji na ng'ombe mbele yake, akaituma kwenye kundi. Bi Raya akajibu kwa sauti: "Mashaallah, ng'ombe wanono." Kesho yake ilijulikana kwenye kundi kwamba anamwonesha picha hiyo kila anayemtembelea, akisema mwanawe yuko huko.

Tena, tuseme la haki, Uswisi ilimfaa. Bi Kijakazi alilala. Alilala mchana, akaamka, akanywa chai, akalala tena, na hakuna aliyemwuliza kuhusu unene wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini.

Jumanne saa nne asubuhi simu ikalia. Alikuwa Himid, mtoto pekee wa Bi Raya, karani wa ofisi moja hukohuko Walthamstow.

"Da Kijakazi, mama amepelekwa hospitali alfajiri. Moyo. Madaktari wanasema tuwaite watu." Akashusha sauti. "Anakuuliza wewe tu. Najua mko mbali."

"Nakuja," alisema Bi Kijakazi. "Nakuja sasa hivi."

Na alikusudia sasa hivi. Alikuwa amekwisha kuvaa buibui na kiatu kimoja pale Hamad aliposimama mlangoni.

"Sasa hivi kutoka wapi?" aliuliza.

Hapo mguu wa pili ukabaki mtupu. Hamad akachukua karatasi na kalamu, maana balaa lolote lile, kwake, lina nyakati zake za kuondoka na kufika. Kutoka hotelini hadi uwanja wa ndege, saa moja. Kutafuta tiketi na kukaguliwa, saa mbili na nusu, na hapo tumepata bahati. Ndege, saa moja na robo tatu. Foleni ya pasipoti, treni, teksi. Akapiga mstari chini.

"Hatuwezi kufika kabla ya saa kumi na robo," alisema. "Tukifika mapema, watu watahesabu."

"Mum, it's twenty minutes on the bus," alisema Zuwena.

Ni kweli ilikuwa dakika ishirini, na dereva wa mabasi alikuwa amesimama hapo na kalamu mkononi.

"Ntawambia ukweli," alisema Bi Kijakazi. "Liwalo na liwe."

"Sawa, waambie," alisema Hamad, wala hakuwa na ukali. "Mwambie mama yako aliye kitandani, anayewaonesha watu picha ya ng'ombe, kwamba siku zote hizi ulikuwa Edmonton na mapazia yamefungwa, na hukwenda hata kumjulia hali. Muuguzi awepo, na Himid awepo."

Bi Kijakazi akakaa juu ya begi la safari, pale kwenye ujia wa kusalia. Waswahili husema njia ya mwongo fupi. Yake siku hiyo ilikuwa na urefu wa saa sita na robo.

Saa tano alimpigia Himid kumwambia wamefika uwanja wa ndege. Saa sita akampigia kumwambia tiketi zimepatikana. Himid akasema mama anajitahidi, akamwekea simu sikioni, na Bi Kijakazi akasikia pumzi tu, na nyuma yake mashine ikilia taratibu. Baada ya hapo Hamad alitoka kwa mlango wa nyuma, akarudi na pakiti nne za chokoleti ya Uswisi kutoka dukani, akakaa jikoni kubandua bei kwa kucha. Mtu hatoki safari mikono mitupu, hata akiitwa kwa mgonjwa. Hata akiwa hakusafiri, inaelekea.

Saa saba na nusu wakapanda ndege. Maana yake ni kwamba simu zote mbili zilizimwa na kuwekwa juu ya meza ya jikoni, kwa sababu abiria aliye hewani hapatikani, na simu inayoita ingewaumbua. Wakakaa watatu kuizunguka meza, wamevaa makoti. Zuwena ndiye aliyekuwa akilia. Mara mbili Bi Kijakazi alinyoosha mkono kuichukua simu yake, na mara mbili Hamad aliitazama saa ya ukutani kisha akamtazama yeye, kwa upole, kama anavyomtazama mzee aliyekimbilia basi akaukuta mlango umefungwa.

Saa tisa na robo wakatua. Simu ya Bi Kijakazi ilipowaka ilionesha kwamba Himid alimpigia mara nne kati ya saa saba na nusu na saa nane. Kisha, saa nane na dakika kumi, ujumbe mmoja: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Alilia kilio ambacho jirani, kama alikuwa bado anaamini nyumba ile haina watu, alipata kazi ya kukieleza. Na baada ya kulia hakutoka. Hili ndilo gumu kulisimulia. Bado ilikuwa saa moja nzima ya pasipoti, treni na teksi, na Bi Kijakazi, aliyekwisha kumkosa mama yake, aliingoja saa hiyo yote, akanawa uso, akavaa kiatu cha pili.

Walifika Walthamstow saa kumi na robo, kama ilivyopangwa, wakiburura mabegi matatu. Nyumba ya Bi Raya ilikuwa imejaa. Wanawake waliokaa kwenye zulia wakainuka kumpokea, na alichokipokea Bi Kijakazi pamoja na pole kilikuwa sifa. Huyu ndiye mtoto. Kaacha starehe zake, kaacha hela za hoteli, karuka hewani siku hiyohiyo. Bibi mmoja aliyekaa mitaa miwili tu kutoka pale, na aliyefika nusu saa kabla yao, akainamisha kichwa kwa aibu. Mwingine akawaambia binti zake wamtazame vizuri Bi Kijakazi, wajue udugu unaungwa vipi. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kifo hiki kilikuwa na adabu nyingine: kilimsitiri, kikamtandikia na zulia.

Himid alimkuta jikoni, alikokimbilia ili asisifiwe zaidi. Macho ya Himid yalikuwa mekundu. Alimshika mikono yote miwili.

"Nataka nikwambie wewe kabla ya mtu mwingine," alisema. "Mie sikuwepo."

"Hukuwepo vipi?"

"Gari nimeliegesha pale penye mwisho wa masaa mawili, ukizidisha faini. Nikatoka kulihamisha. Dakika kumi, Da Kijakazi, naapa hazikufika kumi na moja. Niliporudi wamekwisha kumfunika." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Kabla ya hapo alikuwa akikuuliza. Nikakupigia, nikakupigia, simu imezimwa. Nikamwambia, mama, Kijakazi yumo ndegeni. Akasema basi msimpigie, mwacheni apumzike, kazi ya wazee inamchosha."

Bi Kijakazi alishika ukingo wa sinki.

"Wewe umevuka nchi nzima na bahari," aliendelea Himid. "Mie nimemwacha afe peke yake kwa ajili ya gari. Nakuonea haya. Vipi ntajisamehe?"

Alikuwa akimtazama usoni, anangoja. Maneno ya kumponya yalikuwepo, tena machache, hayakuzidi matano: mie nilikuwa nyumbani, Edmonton. Angeyatamka, Himid angezisahau dakika zake kumi papo hapo, kwa sababu angepata mtu mwingine wa kumchukia. Bi Kijakazi alifungua mdomo. Kutoka sebuleni alisikia sauti ya mwanamke ikimhadithia mwingine aliyeingia sasa hivi, kutoka Uswisi, mwanangu, na mabegi yake mkononi. Mlangoni alisimama Zuwena, anamtazama mama yake.

"Usijilaumu, mdogo wangu," alisema Bi Kijakazi. "Siku ikifika imefika. Mungu anajua nia ya mtu."

Himid akamshukuru. Akambusu mkono, akanawa uso kwenye sinki, akaenda nje kwa wanaume kuwaeleza kwamba dada yake ametoka Uswisi kwa saa sita na robo, na kwamba yeye mwenyewe alishindwa na dakika kumi.