Pipa Nililoliandika kwa Mkono Wangu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa mwaka wa pili chuoni hapa Mwanza, tulipaka rangi mapipa ya taka ya bweni letu. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri, basi nikapewa brashi. Nikaandika: CHUPA ZA PLASTIKI TU. Weee, tulivyojiona! Tukapiga picha, tukapigiana makofi.

Aliyezichambua chupa zile ni Mama Kabula, mfagiaji wetu, mkazi wa Igogo. Alizijaza kwenye viroba, zikapelekwa viwandani Nyakato kusagwa. Zamani alipekua taka kwa kijiti, polepole. Tulipoandika mapipa, kijiti akakiacha. "Si mmeandika wenyewe?" alisema. "Wasomi hawaandiki uongo."

Wiki haikuisha. Nikavunja glasi chumbani, nina haraka ya kuwahi kipindi, na pipa la vioo liko kule nyuma ya kantini. Pipa langu lilikuwa hapo mlangoni. Nikajisemea, mara moja tu, nani atajua? Nikavitupa vipande humo.

Niliporudi nilikuta damu sakafuni. Kiganja cha kulia cha Mama Kabula kilikuwa kimechanika vibaya. Hospitali walimshona, lakini vidole vitatu havikukunjika tena. Ufagio ukamshinda, na kazi ikaishia hapo.

Nilikwenda kwake kumwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usilie. Hii si kazi ya watoto wangu wa chuo, huyo ni mpita njia tu."

Ananitetea mimi, na mimi nimenyamaza! Nikanywa chai aliyonimiminia kwa mkono wa kushoto.

Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa mwezi, nikamaliza chuo, nikapata kazi mbali. Niliporudi Igogo kumwomba msamaha, nilionyeshwa kaburi. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu, mwanangu, tumezeeka naye.

Sasa umeniambia umejiunga na wanaohimiza wenzao kutenganisha taka chuoni. Nimefurahi, kweli. Lakini usiandike pipa kama hutatembea hadi nyuma ya kantini. Yupo mtu atakayeyasoma maneno yako, ayaamini, atie mkono humo bila kuangalia. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati uliyemkosea bado anaweza kukusikia.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mkono usioumiza watu, na mdomo usiochelewa kama huu wangu.