Mechi Aliyoimaliza Mama Bila Mimi

Mama yangu alijifunza tenisi akiwa anafua nguo. Kwa miaka mingi alikuwa dobi kwenye makazi ya wageni wa mgodi kule Geita, na kamba zake za kuanikia zilipita kando ya uwanja wao. Raketi hakuwahi kuishika, zaidi ya kuiondoa mtu alipoisahau juu ya meza ya kupigia pasi. Lakini alijua kuhesabu pointi zao, kumi na tano, thelathini, arobaini, na mpira ukigonga mstari alikuwa anaona kabla ya mwamuzi.

Alipoacha kazi akahamia nyumba yake ya Ibadakuli. Kila kiangazi, yalipofika yale mashindano ya Uingereza yanayochezwa kwenye nyasi, alikuwa hakosi kukaa mbele ya televisheni kuanzia alasiri. Alipenda wiki ya kwanza tu. "Huko mbele wanabaki walewale," alisema. "Wiki hii ndiyo unamwona mtu asiyejulikana akimtoa mkubwa."

Mwaka huo moyo wake ulikuwa umeshapanuka na miguu imevimba. Nilifunga duka langu la dawa kule Runzewe kwa siku mbili, nikaenda kumwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Kaa, wanaanza."

Hata chai sikuwa nimepewa. Mama jirani, ambaye alikuwa akimpikia na kumkumbusha dawa, alicheka akanisogezea kiti. Yeye alikuwa hajui lolote kuhusu tenisi, na hakuficha.

Siku hizo mbili tulishuhudia mambo. Bingwa wa mwaka uliopita alitolewa mchana kweupe na kijana mwenye bandeji kwenye paja. Mama alipiga kofi goti lake, kisha akakunja uso kwa maumivu. Siku ya pili akaja binti mmoja mwembamba, aliyepita kwenye mechi za mchujo, akapangiwa mchezaji wa pili kwa ubora duniani. Seti ya kwanza alifungwa vibaya hadi mama jirani akauliza kama wanaweza kumpumzisha. Seti ya pili akateleza akiufukuza mpira mfupi, akainuka na doa la kijani kuanzia nyonga hadi goti.

"Doa la nyasi hilo," mama alisema. "Sabuni ya kawaida hailitoi. Nani anamfulia huyu?"

Kuanzia hapo binti akawa wetu. Alishinda seti ile. Ya tatu walipofikia michezo mitatu kwa mitatu, mvua ikaanza. Wanaume wakaingia wakikimbia, wakavuta turubai kubwa kufunika uwanja. Kwetu mahindi yalikuwa yamekauka kabla ya kubeba, na upepo ulikuwa unapeperusha vumbi hadi mlangoni.

Mama alitazama turubai kwa muda mrefu. "Wanafunika mvua isiguse nyasi," alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe.

Wakatangaza kwamba mechi itaendelea kesho yake.

"Kaa basi mpaka kesho," akaniambia.

"Mama, duka limefungwa siku mbili sasa."

Asubuhi alinisindikiza hadi mlangoni, akishika ukuta.

Alasiri hiyo duka lilijaa. Kulikuwa na wachimbaji wanaougua kifua, na mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa. Simu ikaita. Sauti ya mama ilikuwa juu, ya furaha, kama ambavyo sikuwa nimeisikia kwa mwaka mzima.

"Ng'wanone, umeona? Umeona alivyofanya?"

"Mama, nina wateja. Nitakupigia."

"Haya. Lakini upige, nikueleze vizuri."

Nilifunga duka nimechoka. Nikajiambia atakuwa amelala. Asubuhi nilipopiga, aliyepokea ni mama jirani, na alikuwa analia. Mama alizidiwa alfajiri. Alikata roho kwenye gari kabla hawajafika hospitali.

Msibani watu walikuja wengi. Walinipa pole, nikaitikia, nikagawa chai. Televisheni ilikuwa imefunikwa kitenge. Ijumaa, siku moja kabla ya mazishi, mama jirani alinikuta jikoni, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi sijui maneno yao," alisema. "Lakini nikueleze nilivyoona."

Akanieleza. Binti alikuwa nyuma, imebaki pointi moja tu afungwe. Akaupiga mpira ukagonga utepe wa wavu, ukasita pale juu, ukaangukia upande wa pili. Mama yangu akasimama. Miguu ile iliyovimba, akasimama bila kushika kitu, na hakuketi tena mpaka yule mkubwa alipokubali kushindwa.

"Alilia?" niliuliza.

"Alilia. Halafu akasema, 'Leteni simu, nimwambie mwanangu.'"

Mama jirani alinishika bega, akaenda kuangalia chungu cha wali.

Nilitoa simu nikatafuta matokeo. Binti alikuwa ameshacheza raundi ya pili, mchana wa Ijumaa hiyohiyo. Alifungwa seti mbili mfululizo, haraka, na mtu wa kawaida tu. Habari yenyewe ilikuwa mistari miwili. Niliisoma mara kadhaa, nikaizima simu, nikarudi uani walikokuwa wanawake wa kanisani wakiimba.