Elikana Aliyeshika Kichwa cha Yakobo

Elikana ni mtoto wa marehemu mdogo wangu Letisia, na mimi ndiye niliyemlea. Kwa hiyo haya nayaandika mimi, si mwingine wa kilima hiki, maana wengine wanayasimulia vipande vipande, kila mtu na kipande kinachomfaa. Mimi nilisoma kwa masista mpaka darasa la sita, wakati wenzangu wanachunga mbuzi, na kichwa changu bado kinashika.

Alizaliwa kambini Tanzania, upande wa Ngara. Mama yake alifariki akijifungua mtoto wa pili, na huyo mtoto naye hakubaki. Siku ile lilikuja gari jeupe la wagonjwa. Vijana wawili waliruka kabla halijasimama vizuri, wakamchukua Letisia mbio, mmoja ameinua chupa ya dripu juu kama mtu anayemulika njia. Hawakumwokoa. Lakini Elikana, ambaye wakati ule alikuwa bado wa kushika kanga yangu, alichokiona yeye ni zile mbio. Sisi tulikuwa tumekimbizwa maisha yetu yote. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona watu wanakimbia kwa ajili yetu. Tangu hapo, ukimwuliza atakuwa nani, jibu lilikuwa moja tu: mtu wa lile gari.

Tulirudi kwetu Burundi, Buhinyuza, mwaka ule kina mama walipoanza kujifungua hospitalini bure. Shamba la baba yangu tulilikuta na muhogo wa watu wengine. Tukagawana mbele ya wazee, tukapata upande wa mawe. Hilo nililimeza. Lililotuumiza zaidi lilikuwa machela.

Kwetu gari halipandi mlimani. Mgonjwa anabebwa kwenye machela ya kusuka, ingobyi kwa Kirundi, wanaume wanne miti yake mabegani na wengine nyuma wa kupokezana, mpaka zahanati au barabarani. Kila kilima kina chama chake cha wabebaji, na nyumba isiyotoa bega haibebwi. Si ukatili. Utabebwaje na watu ambao hukuwahi kubeba wagonjwa wao? Sasa sisi tuliorudi tulikuwa hatujatoa bega lolote.

Mkuu wa chama alikuwa Yakobo, mtu mfupi, shingo nene, mdomo hautulii. Elikana alipokwenda kuomba aingie, mrefu kama mkaratusi, Yakobo alimzunguka akimkagua, akasema hawa wa Tanzania wamezoea kubebwa na malori ya wazungu, mabega yao ni laini kama ndizi mbivu. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo kila machela yalipopita Elikana aliyafuata nyuma, hata bila kuitwa. Alifanya hivyo msimu mzima wa mvua. Siku moja, kwenye mteremko wa kwenda mtoni, mbebaji wa mbele aliteleza. Elikana akaingiza bega lake kabla mti haujashuka, na mgonjwa hakujua hata kilichotokea. Walipofika Yakobo akamfuta tope shingoni kwa kiganja chake.

“Mtanzania,” akamwambia, “leo ndiyo umerudi.”

Ndipo shirika moja likatangaza mafunzo kule Gitega, ya vijana watakaokaa kwenye magari ya wagonjwa mikoani. Walitakiwa waliomaliza sekondari, kama Elikana, tena waliosemewa vizuri na kilima chao. Chamani wengine walinung’unika. Matata, ambaye ndiye hubeba mbele kulia, alisema mwenye kusoma harudi, na bega lake atalishika nani? Yakobo akajibu kwamba atalishika yeye, zamu zake na zamu za Elikana, mpaka kijana arudi na gari. Basi akaenda.

Gitega alipanga kwa Uthmani fundi cherehani, mtaa wa Waswahili, nyumba ya Kiislamu ya watu wema. Nilikwenda kumwona mara moja. Nilimkuta mama mwenye nyumba, Amisa, amelazwa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, Elikana amepiga magoti amemshika kichwa kwa mikono miwili, na Uthmani kwenye mashine yake analalamika.

“We kijana, mke yangu umemuvunja shingo mara ngapi juma hii? Maharage iko jikoni inaungua.”

“Niache nivunjike,” Amisa akasema kutoka chini. “Mi tangu niolewe sijapata kulala mchana.”

Nilicheka mpaka nikakaa. Elikana alinieleza kwamba mwalimu wao, muuguzi mmoja anayeitwa Nuru, anawafundisha kwa ukali sana habari ya mtu aliyeanguka. Machela yetu, alisema, yanamkunja mtu kama mtoto mgongoni, na mwenye uti wa mgongo uliovunjika ukimkunja umemmaliza. Unashika kichwa, huachii, unangoja ubao wa kumlaza na gari. Wala humpi kitu mdomoni, maana huenda akapasuliwa. Aliyasema haya macho yanang’aa, nami nikafurahi, kwa kuwa nilimwona amekifikia alichokitaka tangu utotoni.

Alikuja nyumbani kwa likizo fupi. Jumamosi ilipofika tukatoka wote kwenye kazi za pamoja. Tulikuwa tunajenga darasa jipya. Wanawake tulisomba maji na udongo. Yakobo alikuwa juu ya ukuta na Matata, wanapandisha boriti, na kama kawaida yake anawatania walio chini. Boriti ikageuka. Alianguka chali juu ya rundo la matofali.

Watu wakapiga kelele. Matata aliteremka, na vijana walikuwa wamekwisha kukimbilia machela. Elikana akafika kwanza. Alipiga magoti, akashika kichwa cha Yakobo kwa mikono miwili kama nilivyomwona Gitega, akamwuliza kama anasikia miguu yake. Yakobo akasema miguu ameisahau juu ukutani, mtu apande amletee.

Machela yakaja. Elikana akasema yawekwe kando.

“Tumbebe,” Matata akasema. “Tukienda kwa zamu, jua halijageuka tutakuwa zahanati.”

“Mkimkunja mtamkata. Pigieni gari simu, wapandishe ubao.”

Matata akatutazama sisi wote, kama anayetafuta mkubwa wa kuamua. Aliyeamua ni Yakobo mwenyewe, pale chini. “Mwacheni mtoto afanye kazi yake. Si tulimtuma sisi?”

Kasiano mwenye baiskeli akapanda mpaka kwenye jiwe ambako simu hupata rezo, yaani mtandao. Akarudi na habari kwamba gari limempeleka mama mwenye uchungu hospitali ya Muyinga, likimshusha litakuja. Tukangoja. Tulimfunika Yakobo kwa kanga zetu. Mkewe Jeska aliketi miguuni pake, na Yakobo akamwambia asilie, akilia boriti itajua imeshinda. Kasiano akapanda tena. Gari limeshusha mgonjwa, lakini halina mafuta, wanatafuta. Mara ya tatu hakuna aliyepokea simu.

Elikana hakutoa mikono. Nzi walitembea usoni pake, nikawafukuza mimi. Yakobo akaacha mizaha. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na tumbo lilikuwa limeanza kuwa gumu. Akasema ana kiu.

Jeska alikuwa ameshaleta maji kwenye kibuyu. Elikana akamwambia hapana, mama, asinywe, atapasuliwa akifika, maji yatamdhuru. Jeska akarudi nyuma. Yakobo akaomba tena, safari hii kwa Kirundi cha mtoto, akimwita Jeska mama. Jeska akasogea na kibuyu, na Elikana, bila kuachia kichwa, akamzuia kwa kiwiko. Nilikiona kile kiwiko. Kilima kizima kilikiona.

Jua lilipoanza kushuka Matata akasema basi, hata kama ni kumkata. Wakayatandaza machela, wakamwinua. Elikana alitembea naye akiwa bado ameshika kichwa, amekunjamana ubavuni mwa wabebaji. Hawakufika hata kwenye kisima. Yakobo alikwisha hapo njiani. Lile gari lilikuja wakati tunamrudisha nyumbani kwake, likasimama barabarani, dereva akatazama machela yaliyofunikwa, akageuza.

Hakuna aliyemgusa Elikana, wala aliyemtukana. Kwenye maziko alikwenda kuchukua upande wa jeneza, na Matata akamwambia kwa upole kwamba wametosha. Ni hivyo tu. Jioni chama kiliketi kwenye pombe ya msiba, chungu kimoja kila mbebaji na mrija wake, na mrija wa Elikana haukuwekwa.

Alirudi Gitega akamaliza. Alifaulu, tena vizuri. Akapangiwa gari la huku kwetu, jipya, lenye ubao na chupa za hewa, na safari hii mafuta yalikuwapo. Nilimwona amekaa mbele amevaa koti la manjano, nikajua Letisia angelia kwa furaha. Gari likawa linasimama pale barabara inapokutana na njia ya kilima chetu. Likasimama siku nyingi. Mwanzoni nilidhani watu hawaugui. Kisha, nikiwa shambani kwangu upande wa mawe, nikayaona machela yanashuka kwa njia ya chini, ile ya bondeni yenye utelezi, ambayo haipiti barabarani. Nilimtambua Matata mbele kulia. Walikuwa wanamzunguka Elikana. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anabebwa bondeni, nusu siku ya ziada, ili asipite mbele ya mwanangu.

Mimi si mtu wa kukaa na neno tumboni. Nilipanda basi mpaka Gitega, nikamtafuta yule Nuru. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamuru, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwuliza kitu kimoja, mtoto alikosea au hakukosea. Akasema hakukosea hata kidogo. Kisha akaongeza: “Bibi, sisi tunafundisha kungoja gari. Gari lisipokuja, hatuna somo lake.”

Niliyabeba maneno hayo njia nzima kama mtu aliyebeba dawa. Nikaenda moja kwa moja kwa Jeska. Alinipa kiti. Alinipa na maji, akasimama mbele yangu mpaka nikapokea.

“Kunywa,” akasema. “Hapa kwangu hanyimwi mtu.”

Nilikunywa. Nikamweleza yote, kwamba nimetoka Gitega, kwamba mwalimu mwenyewe amesema kila alichofanya Elikana ndicho kilichotakiwa, kichwa, machela, hata maji. Jeska alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua uso.

“Kwa hiyo Yakobo alikufa sawasawa,” akasema.

Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno kwa mtu, niliinuka nikaaga.

Elikana alijua nilikokwenda, lakini hakuniuliza. Alikaa na lile gari mpaka mavuno, akiosha vioo ambavyo havijachafuka. Halafu akaomba kuhamishwa, wakampeleka Mutaho, mkoa wa Gitega. Huko nasikia wanampenda, wanampigia simu hata kwa homa ya mtoto. Hawamjui. Kwetu hajarudi. Anatuma salamu kwa Kasiano, kwamba mama mkubwa asipande vilima, mama mkubwa ajifunike kifua. Nami kifua kimeanza, kweli, tangu kiangazi.

Matata alipita juzi kunijulia hali. Aliangalia mlango wangu upana wake, akaangalia na njia, nikajua anapima nini. Hakusema watapita wapi, wala mimi sikumwuliza. Watanipitisha kule chini, kwa njia ya bondeni, ambayo hawajaiacha hata baada ya Elikana kuondoka. Nitakuwa nimelala, nimekunjwa, natazama mbingu, na barabara itabaki upande wa pili.