Msusi Anayekwenda Kisiwani

Tangu alipe nauli ya kisiwani, msusi hashikiki. Akigawanya nywele za mteja anasimulia, akifunga ncha anasimulia: atajilaza chini ya mnazi, miguu mchangani, dafu mkononi, na ole wake atakayemwamsha. "Nitakula raha mpaka nikinai, shoga yangu!" Anacheka kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na vidole vinazidi kwenda mbio. Vidole hivyo havijui kutulia. Simu ikiita anaibana begani, anaendelea kusuka. Hata akikaa kunywa chai, mkono mmoja unasokota matamvua ya mtandio wake.

Jana, siku ya kuamkia safari, alikalia kiti cha wateja ili mdogo wake amsuke yeye. Akajifunika taulo usoni. Vidole vikatafuta pindo la taulo, vikasokota kidogo, halafu, taratibu, vikaachia. Mara mlango ukasukumwa. Alikuwa mteja wake wa miaka yote, nywele timtim, kesho ana harusi ya bintiye.

"Jamani, msusi yupo?"

Mdogo mtu akababaika, kitana mkononi. Taulo likajibu:

"Hayupo, mpenzi. Ameshasafiri."