Na Mama wa Bibi Harusi Je?

Baba yangu alizijua harusi za wafalme wa Ulaya kuliko alivyoijua harusi yake mwenyewe. Ukimuuliza alimwoa mama mwezi gani, anakuna kichwa. Ukimuuliza ni binti wa nani alipelekwa Hispania au Urusi, na alikwenda huko ili kumaliza ugomvi gani, anakaa vizuri kwenye kigoda, anasafisha koo, na hapo ujue maharage yataungua jikoni.

Mambo hayo alifundishwa na padri mzungu huko Rwanda, kabla hawajakimbia. Baba yake alikuwa mtumishi wa mfalme, kisha mfalme akafukuzwa na ufalme wenyewe ukafutwa. Mimi nilizaliwa Igurwa, huku Karagwe, kwenye shamba la migomba tulilopewa na wenyeji, na nilimkuta baba ni mkulima asiyejua kilimo. Nadhani ndiyo maana aling'ang'ania wafalme wa watu wengine. Wa kwake hakuwepo tena.

Alitueleza kwamba wafalme wa Ulaya wote walikuwa ndugu kwa sababu ya kuozana. Bibi mmoja malkia wa Uingereza alitawanya watoto na wajukuu katika falme karibu zote, hata ilipokuja vita kubwa ya kwanza, waliokuwa wakipigana walikuwa mtu na binamu yake. Vita hiyo ilifika mpaka huku kwetu Karagwe, watu wakashikwa na kubebeshwa mizigo ya wazungu. Mama alipolisikia hilo aliuliza swali moja tu: sasa zile harusi zilisaidia nini? Baba akamwambia asiingilie mambo ya historia.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ni ya binti wa Austria. Austria na Ufaransa zilikuwa zimechinjana miaka na miaka. Ili wakae kwa amani, binti wa Austria, msichana wa miaka kumi na minne, akatolewa kuolewa na mrithi wa Ufaransa. Walimpeleka mpaka mpakani, kwenye kisiwa katikati ya mto, na pale akavuliwa kila kitu alichotoka nacho kwao, hata soksi. Akavishwa nguo za Ufaransa. Alikuwa na kijibwa chake, nacho wakamnyang'anya. Akavuka akiwa Mfaransa, baadaye akawa malkia. Baba aliishia hapo siku zote.

"Na mama yake je?" mama aliuliza jioni moja, akichambua maharage kwenye ungo.

"Alibaki kwao."

"Hakwenda kumwona mwanawe?"

"Historia haisemi."

Mama akasonya. "Basi hiyo historia iliandikwa na wanaume walioshiba."

Tulicheka sote, baba naye akacheka. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa na hili wala lile.

Kiangazi cha mwaka ule, mwaka alipooa mtoto wa malkia wa Uingereza, kaka yangu alikata ng'ombe. Kaka alikuwa amerudi kutoka vitani Uganda, na hakurudi yule tuliyemjua. Usiku alikuwa hapati usingizi, hapendi kelele, ukimjia kwa nyuma anageuka na panga. Ng'ombe wa wafugaji wa upande wa Nkwenda walikuwa wakishuka bondeni kutafuta maji, wakaingia kwenye maharage yetu. Mwingine angewapigia kelele na kwenda kushtaki. Kaka aliingia katikati ya kundi akamkata mmoja mishipa ya miguu ya nyuma. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na mimba.

Asiyefuga hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Wenye ng'ombe walikuja ukoo mzima, na fimbo na mikuki, wakasimama uani kwetu. Hawakutukana. Mkubwa wao alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kijana huyu naye atatambaa kama alivyomtambaza yule ng'ombe. Kaka alikuwa amekaa mlangoni anawatazama tu, na mama alikuwa amesimama mbele yake na mwiko mkononi.

Balozi wa nyumba kumi akaitwa, na mzee wa kanisa. Walikaa kutwa mbili. Ng'ombe wa kulipa sisi hatukuwa nao, na wale watu walisema hata tungekuwa nao, hasira haiondoki kwa ng'ombe. Hapo ndipo baba aliposafisha koo lake. Alisema nina binti, na ninyi mna kijana, tuwe ndugu yaishe.

Usiku mama alikataa. Nilimsikia nikiwa kitandani, maana nyumba yetu haikuwa na dari. Baba hakumpigia kelele. Alianza tena, Austria na Ufaransa, karne na karne wanauana, wakamaliza kwa binti mmoja, tena akawa malkia, hakukosa kitu. Kisha mama akasema, "Kama ni hivyo basi, kwa ajili ya miguu ya mwanangu." Ndivyo nilivyotolewa.

Siku zile zile baba alikuwa anaanika mawe ya redio, zile betri, juani ili yapate nguvu, maana baada ya vita mapya hayakupatikana dukani hata kwa kulia. Siku ya harusi ya Uingereza uani kulijaa watu. Redio ilikoroma, ikasema habari za farasi na kengele na gauni refu lililoburuzwa kanisani, ikafa, baba akaipiga kofi ikafufuka. Aliyaeleza yale kwa Kinyambo na kwa Kinyarwanda, jasho linamtoka kwa furaha. Mama alikaa pembeni akinisuka.

"Mama yake huyo msichana yupo kanisani?" aliuliza.

"Hawajasema," baba alijibu bila kugeuka. Mkono wa mama ulisimama kwenye nywele zangu, kisha ukaendelea.

Katika ukoo wetu bibi harusi akifika kwa mume hufunikwa. Hatoki nje mchana, hafagii, hapiki, hachoti maji. Anakaa ndani mpaka watu wa kwao waje kumfungua. Wanakuja na pombe na chakula, mama yake anamnyoa zile nywele za usichana, anamshika mkono na kumtoa juani mbele ya watu. Hapo ndipo anapokuwa mke mwenye nyumba yake. Kabla ya hapo ni kama mgeni asiyeagwa wala kukaribishwa. Asubuhi ya kuondoka mama alinifunga kitambaa kichwani akaniambia, "Nitakuja kukufungua mwenyewe. Kichwa chako usimpe mtu mwingine." Nilimjibu ndiyo mama. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, ila wakati ule yalikuwa maneno tu ya asubuhi yenye haraka.

Shangazi yangu alinisindikiza, tukatembea kutwa nzima. Alikaa nami siku chache, kisha akarudi Igurwa. Nikabaki ndani.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkimya, na kwa kuwa tulijua sote wawili nimekuja badala ya miguu ya ng'ombe, tuliogopana. Alishinda machungani, usiku alirudi akinuka moshi na mifugo, anauliza nimekula, ninasema nimekula. Nyumba ilikuwa na giza, imejaa harufu ya vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa. Nilijifunza kuijua dunia kwa masikio: huyu ni mama mkwe anasukasuka kibuyu cha siagi, hawa ni ndama, huyu ni jirani amekuja kuchungulia kama nimeshafunguliwa.

Sikufunguliwa. Mvua zikaja. Kwetu ni watu wa bibi harusi wanaokuja wenyewe, na wakwe zangu walilijua hilo, wakawasubiri. Lakini kwa hao wafugaji mkwe hakanyagi boma la mwanawe mpaka boma lenyewe limtumie mtu kumwita, na baba alilijua hilo, akasubiri kuitwa. Kila upande ulikuwa unaheshimu mila za mwenzake. Watu waliokuwa tayari kukatana miguu sasa walikuwa wanaogopa kukosea adabu, na mimi nipo ndani nawasubiri. Mpaka leo nikifikiria adabu ile damu inanichemka.

Mama mkwe alianza maneno. Alisema huyu ameletwa kama mzigo wa kutelekezwa, wenzake wanakuja kufunguliwa kwa ngoma. Nilimeza. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa kutoka Igurwa aliyekuwa akipita kununua samli, naye alinisalimia kwa nje, ukuta katikati yetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kwenu hawajambo. Mama yako anakusalimu."

"Anakuja lini?"

"Anakusalimu sana."

Salamu hiyo niliikalia hata mwezi. Niliirudia kichwani mpaka nikaisikia kwa sauti yake mwenyewe.

Kisha mama mkwe akabadilika. Siku moja yule mzee alipita, wakaongea chini kwa chini huko uani, na alipoondoka mama mkwe aliingia ndani na maziwa yenye mtindi mzito wa juu, ule unaowekewa baba mwenye boma. Aliniwekea mkononi. "Kunywa, mwanangu," alisema. Hakuwahi kuniita mwanangu. Maneno ya kunisema yakakoma siku hiyo hiyo. Nikafurahi, mjinga mimi. Nilidhani nimependwa. Nilijiambia mama akija atanikuta nimeshakuwa mtoto wa nyumba hii, hatakuwa na wasiwasi.

Walikuja maharage yalipokuwa yanavunwa. Nilisikia watu wanapokewa uani, nikasikia baba anasafisha koo. Nilivuta kitambaa nikakaa vizuri kwenye mkeka. Nilitaka mama anikute nimekaa vizuri.

Aliyeingia ni shangazi, na wembe.

"Shikamoo shangazi. Mama yuko wapi?"

"Kaa kwanza nikunyoe."

"Mama yuko wapi?"

"Watu wanasubiri nje, mwanangu. Inama."

Nilimwambia kichwa hiki kina mwenyewe. Akajaribu kunishika, nikamsukuma, wembe ukaanguka. Shangazi akakaa chini akaanza kulia bila sauti, kanga mdomoni. Baba akaja akasimama mlangoni, mwanga nyuma yake, sikumwona uso. Akasema mama aliugua mvua zilipoanza. Walimbeba kwa machela hadi hospitali ya Nyakahanga, wauguzi wakahangaika naye siku tatu, ikashindikana. Nyumba yenye matanga haiwezi kwenda kufungua bibi harusi, kwa hiyo walingoja matanga yapoe, ndipo boma likatuma mtu kuwaita. Na bibi harusi aliyefunikwa haambiwi habari za msiba.

"Mzee wa kanisa alikuwa ananiletea salamu za mama," nilisema. "Alikuwa ananisalimu nani?"

Baba akajibu, "Mimi."

Alisema angeniambia ningetoka mbio kwenda kuzika, ningevunja heshima ya boma la watu, na kaka yangu angekatwa miguu. Labda ni kweli. Kaka mwenyewe alikuwa amekwisha kuondoka Igurwa wiki moja baada ya mazishi, kwa miguu yake miwili mizima, hatukumwona tena.

Niliokota wembe. Nilijinyoa mwenyewe, bila maji, nikajikata mahali pawili. Shangazi alitaka kunishika mkono wa kunitoa nje, nikamwambia auache. Nikatoka peke yangu. Jua liliniumiza macho, nikasikia vigelegele, na damu ikanishukia shingoni. Watu wakala na kunywa, na amani ikawepo. Sisemi haikuwepo.

Nikazaa, nikakaa, maisha yakaenda. Kwa baba nilikwenda kwa shida, nampa shikamoo, nampikia, naondoka. Wafalme wake sikutaka tena kuwasikia.

Miaka ya tisini binti yangu wa kwanza alikuwa sekondari. Alirudi likizo ananisimulia walichofundishwa na mwalimu wa historia kuhusu mapinduzi ya Ufaransa. Nilikuwa namenya ndizi, nasikiliza nusu. Akasema malkia wao alikuwa mtu wa Austria, aliozeshwa akiwa mtoto ili wafalme waelewane. Nikaweka kisu chini.

"Ikawaje?"

"Walimkata kichwa, mama. Hadharani."

"Na mama yake je?"

"Mama yake ndiye aliyekuwa anatawala Austria. Mwalimu alisema walikuwa wanaandikiana barua. Lakini tangu walipoagana hawakuonana tena, mpaka mama akafa."

Kesho yake nilitembea hadi Igurwa. Baba alikuwa mzee sana, amekaa nje na kikohozi chake, redio imeshakufa siku nyingi. Nilimpa shikamoo, nikamtengenezea uji, nikamwacha amalize. Kisha nikamuuliza kama alijua kwamba yule binti wa Austria alikatwa kichwa.

"Nilijua."

"Na mama yake? Ulimwambia mama historia haisemi."

Aliangalia ndani ya kikombe. Uji ulikuwa umebaki kidogo, akautikisa, hakuunywa.

"Inasema," alisema. "Lakini ningemwambia, mama yako asingekutoa."